Wa Kwanza Kwenye Editeri

Siku vioo vilipoingia, wanawake wa chumba cha kadi walipiga makofi. Masikini, laiti wangejua! Visanduku vilishushwa kutoka kwenye lori, vikapangwa juu ya meza mpya, kila kimoja na kioo chake cheusi na vibonyezo vyake mbele. Sitwayen Ngosa, maana kila mtu aliitwa sitwayen, mwananchi, naye mkuu wa kituo cha hesabu cha kampuni ya shaba, akasimama katikati katika abakosti yake ya kijivu, suti isiyo na tai, beji ya chama kifuani, akatangaza kwa Kifaransa kirefu kwamba Zaire imeingia katika zama nyingine. Wakapiga makofi tena. Miaka ile watu walipiga makofi kwanza, wakauliza baadaye.

Kisha akageukia Kiswahili, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

"Mashini za kutoboa kadi tutaziondoa mbele mwaka haiyaisha. Kuanzia leo program inaandikwa humu, mu kioo, na kintu kinaitwa editeri. Mwenye atajua editeri, atabakia ku kazi. Mwenye atashindwa, tutamwambia aksanti."

Musonda alikuwa bado ameinua mikono ya kupiga makofi. Akaishusha polepole, akaifuta kwenye kitenge chake kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Alikuwa ametoboa kadi tangu nchi haijabadilishwa jina. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: vijana wa programu, waliosoma chuo kikuu, waliandika maagizo ya kompyuta kwa penseli kwenye karatasi, karatasi zikaletwa kwa wanawake, wanawake wakazipiga mashinini, na kila mstari ukatoka kama kadi ngumu yenye matundu, ambayo kompyuta kubwa ya chini iliisoma. Mwanamke aliyemfundisha, Mzungu mmoja mwenye mdomo mkali, alikuwa akiwafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa wasipate kuvitazama vidole. Jicho kwenye karatasi, mkono kwenye mashini. Ukimkuta mtoboaji anaangalia mikono yake, huyo si mtoboaji, huyo anaponda karanga. Musonda aliweza kupiga kurasa nzima huku akibishana na mwenzake juu ya bei ya unga, na asikosee hata herufi.

Na juu ya vidole hivyo ilisimama nyumba. Mumewe, Floribert, aliyaacha mapafu yake kwenye tanuru la kuyeyushia shaba. Kampuni ilipomstaafisha kwa kikohozi, walipaswa kutoka kwenye nyumba ya kambi, wakaachiwa kwa sababu moja tu: bibi, yaani mkewe, naye alikuwa mfanyakazi. Siku bibi atakapotoka kazini, nyumba inarudi kwa kampuni, na wao watatu, baba, mama na binti yao Mimi, wanakwenda kujibana kwenye chumba cha mdogo wake Floribert huko Ruashi. Hilo Musonda hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Aliyepewa kazi ya kuwafundisha ni sitwayen Kapya, kijana wa programu, mwembamba, mwenye miwani na moyo mzuri, ila alikuwa anaongea kama anafukuzwa na mbwa.

"Editeri," akasema, "ni program ya kuandikia program."

"Sawa vile nyungu ya kupikia nyungu?" akauliza Mado. Mado alikuwa mwenzake Musonda wa meza moja miaka yote: Musonda akishatoboa, Mado anapiga tena kadi zilezile kuhakikisha hazina kosa. Hakuna kazi iliyotoka chumba kile bila kupita mikono ya watu wawili.

Watu wakacheka. Kapya hakucheka, alikuwa ameshaanza kukimbia. Editeri, akaeleza, ina hali mbili. Ukiifungua inangoja amri, na amri ni herufi za mwanzo za maneno ya Kifaransa: I ya kuingiza maandishi, E ya kufuta mstari, C ya kutafuta neno, G ya kutunza kazi. Ukishatoa I, sasa unaandika. Ukitaka kuacha kuandika, unaweka nukta peke yake kwenye mstari, ndipo inarudi kungoja amri. Ukichanganya, inakujibu kwa alama ya kuuliza. Basi. Haisemi zaidi.

"Mumesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika wote kwa pamoja, kwa sauti ya mkutano wa chama. Hakuna aliyesikia.

Musonda akaitwa mbele kwa kuwa ndiye mwepesi kuliko wote. Programu ya Kapya mwenyewe ilikuwa tayari mle ndani, kazi yake ya siku nyingi, na kurasa chache tu zilibaki kuongezwa. Akakaa wima, akaweka karatasi kushoto, jicho karatasini, mikono ikaanza. Loo, vidole vilivyokwenda! Hata vijana wa programu walisogea kutazama. Akaumaliza ukurasa wa mwisho, akainua uso kwa mara ya kwanza, akingoja walau mtu aseme hongera.

Kioo kizima kilikuwa alama za kuuliza, moja chini ya nyingine, kutoka juu mpaka chini.

Hakuwa ametoa I. Kila alichoandika editeri ilikipokea kama amri, na amri zisizoeleweka ikazijibu kwa kuuliza. Lakini kila mstari ulioanza na E iliuelewa vizuri sana, ikafuta. Kapya akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akashika kichwa. Programu yake ilikuwa imeliwa matundu kama gunia lililoingiwa na panya.

"Mama, ulikuwa unaangalia wapi?"

"Ku karatasi."

"Na kioo?"

"Juu ya nini niangalie kioo? Kazi iko ku karatasi!"

Sitwayen Ngosa alikuwa amesimama mlangoni. "Sitwayeni," akasema, "unaandika ao unatwanga mihogo?"

Vijana wakacheka. Wanawake nao wakacheka, ili wasichekwe wao. Musonda akarudi kwenye kiti chake uso ukimwaka. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumcheka akiwa mbele ya vibonyezo, na sasa alitaka kulia, na hakutaka kuwapa hata hilo.

*

Alifika nyumbani amenuna. Floribert alikuwa kwenye kiti chake mbele ya mlango, na Mimi anawasha mbabula kwa kadi zilizoharibika, maana katika kambi ile hakuna aliyewasha makaa kwa kitu kingine.

"Mama Mimi, unakuja na uso gani ile? Ni ile mashini?"

"Ile mashini iko na kichaa! Unakosa, inakuuliza. Unakosa tena, inakuuliza. Inauliza nini? Haisemi! Muntu mwenye akili, ukikosa mbele yake, si atakwambia umekosa fasi gani?"

"Acha nayo basi. Bibi ya muntu kushinda na bale batoto ba université mbele ya kioo! Miye niliweka signature juu ya kutoboa kadi, hapana juu ya editeri."

Enzi hizo mke hakuajiriwa bila mumewe kutia sahihi, na Floribert aliitaja ile sahihi kila alipoishiwa na maneno.

"Ondoa signature yako! Ondoa leo! Kisha twende kulala Ruashi, weye na miye na Mimi, mu chumba moja na batoto ba mudogo yako, na ile kikohozi yako ikibaamusha bote!"

Kikohozi kikamjia Floribert kweli, kikamkunja. Musonda akajuta papo hapo, lakini alikuwa na hasira mno asiweze hata kusema pole. Akaenda kumsukuma Mimi kando na kuipuliza mbabula yeye mwenyewe.

Ni Mimi aliyepata wazo. Jumamosi, watu walipotoka salongo, ile kazi ya lazima ya umma, na majembe yao, alichukua ubavu wa katoni akachora vibonyezo vyote kama mama yake alivyomwelekeza.

"Mama atapiga hapa," akasema. "Na Baba njo mashini."

"Miye mashini?" Floribert akauliza kwa dharau, lakini kiti akakisogeza.

Wakakaa uso kwa uso. Kanuni zilikuwa rahisi: Musonda aseme anachobonyeza, na akikosea, Floribert ajibu. Lo! Hakuna kazi iliyowahi kumfaa mzee yule kama hiyo. Akakaza shingo, akatoa sauti ya mlinzi wa geti.

"Alama ya kuuliza!"

"Lakini nilisema I!"

"Hukusema. Ulisema mu roho."

"Nilisema, Baba Mimi, miye njo nilisema, weye husikie!"

"Mashini haijue mambo ya roho. Alama ya kuuliza."

Musonda akaitupa katoni mpaka kwenye makaa. Mimi akacheka mpaka akakaa chini. Floribert akainuka kwa taabu, akaiokoa katoni, akaifuta majivu kwa mkono wa shati, akamrudishia mkewe magotini.

"Tunaanza tena," akasema. "Mashini haichoke."

Na hilo ndilo lililomuudhi Musonda kupita yote, maana lilikuwa kweli. Lakini alimwona mumewe anavyong'aa. Tangu astaafishwe, hakuna mtu aliyemhitaji ajibu kitu. Wakaanza tena.

*

I akaizoea. Sasa akawa anasahau nukta. Akishaingia kwenye kuandika hatoki, na amri zote alizotoa baadaye, E na C na G, zikaandikwa ndani ya programu kama maneno ya programu, na kompyuta ikazitapika. Ukiziba huku, kunavuja kule. Akirekebisha mstari mmoja, anaharibu mwingine. Akiutafuta ule mwingine, hakumbuki yuko katika hali gani, ya kuandika au ya kungoja, na kioo hakionyeshi, kimekaa tu na mwanga wake wa kijani.

Shida kubwa ilikuwa jicho. Kila mara lilirudi karatasini lenyewe, kama mbuzi aliyezoea njia ya shamba. Mwanamke mwenye miaka arobaini na zaidi anajikaripia kwa sauti: "Kioo! Angalia kioo!" Na vijana wa meza ya pili wanabinyana.

"Yaya, dada yangu, miye siwezi," Mado akamwambia siku moja kwenye choo cha wanawake, akinawa uso. "Kadi nilikuwa naishika mu mukono. Ukiniuliza kazi iko wapi, nakuonyesha, iko hapa. Sasa hii maneno iko wapi? Mu kioo? Ukizima kioo inaenda wapi? Niambie, na miye nitajua fasi ya kuanzia."

"Jikaze, Mado," Musonda akasema, na akajiona mwongo.

Jioni moja, bendera imeshashushwa na watu wanaondoka, alimkuta Kapya peke yake kwenye kioo anairudia programu ile iliyoliwa matundu. Kijana alikuwa anapiga kwa kidole kimoja. Anainama, anaitafuta herufi, anaipata, anaipiga, anainuka kuona, anainama tena. Wenzake wote walipiga vivyo hivyo. Ndiyo maana hata baada ya vioo kuingia, kazi zao ziliendelea kupitia kwa wanawake. Musonda alisimama na mkoba wake, akatazama, akavumilia, akashindwa.

"Sitwayen, ile vidole ingine iko na magonjwa?"

Kapya akacheka, akavua miwani. "Mama, université haikutufundisha kupiga. Nifundishe. Na miye nitakufundisha editeri, mupole mupole, na Kiswahili. Ile siku ya kwanza nilikimbia sana, najua."

Mkono mtupu haulambwi. Musonda aliona haki tupu katika maneno hayo. Wakakubaliana. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakitandaza juu ya mikono ya Kapya.

"Usiangalie. Kidole kidogo iko hapa. Hiki hapa. Usiangalie, nimesema!"

Naye Kapya akambana kwa namna yake. Kila mstari alimfanya ausome kwenye karatasi, aigeuze karatasi kifudifudi, kisha auandike huku anatazama kioo. Musonda alichukia. Ilikuwa kama kufundishwa kutembea upya na mtoto ambaye yeye alimzidi umri mara mbili. Alipiga meza, alisonya, mara moja alimwita Kapya mtesaji. Lakini Kapya hakumcheka hata siku moja, na jioni hadi jioni jicho likaanza kutii.

Mado alipogundua, alishtuka. "Yaya, bantu batasema! Weye na kijana, saa ya kazi imeisha, na kitambaa yako ya kichwa iko juu ya mikono yake? Floribert akijua, ile signature ataiondoa kweli."

Kwa hiyo Musonda akamwambia mumewe kwamba jioni wanasomeshwa wote, kundi zima. Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya katika jambo la kazi. Yeye na Mado waliogopa midomo ya watu. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kuviogopa vidole vya Kapya.

Na siku ikafika editeri ikafunguka. Alikuwa anatafuta jina moja katika programu ndefu, jina ambalo katika kadi angelitafuta asubuhi nzima, kadi moja moja, huku Mado akishika rundo la pili. Akaandika C, akaandika jina, akabonyeza. Hilo hapo! Akabonyeza tena. Hilo lingine, kurasa nyingi mbele. Musonda akacheka kwa sauti, peke yake, kama msichana.

"Kumbe uko na akili," akaiambia. "Juu ya nini ulinitesa?"

Hata Floribert alianza kushindwa naye. Kwenye katoni ilipita Jumamosi nzima bila kupata nafasi ya kutoa ile sauti yake ya geti, akabaki amekaza shingo bure.

*

Mtihani ulifanywa mwezi wa kumi na mbili. Kila mwanamke alipewa programu yenye makosa yaliyopandwa humo makusudi: ayatafute, ayasahihishe, aitunze kazi, atoke. Ngosa alitembea nyuma ya viti na mikono mgongoni.

Mado aliandika, akafuta, akaandika. Katikati akasimama, akachukua mkoba wake. "Nimechoka," akasema, si kwa mtu yeyote, akatoka. Musonda alimwona, na moyo ukamwuma, lakini jicho halikuondoka kwenye kioo. Alimaliza huku wengine wakiwa bado wanatafuta.

Kesho yake asubuhi matokeo yakabandikwa ukutani: Musonda wa kwanza, na mbali. Wanawake wakamkumbatia. Mwape, tarishi wa kituo, jirani yake kule kambini, akampigia saluti ya polisi na kusema mchana akienda kula atapitisha habari kwa Baba Mimi. Musonda aliona miguu yake haigusi sakafu. Nyumba imebaki! Alifikiria ule mlango, kile kiti mbele yake, zile taa za umeme ambazo Ruashi kwa shemeji hazipo. Akamshukuru Mungu kimyakimya, na Mama Maria pia.

Alasiri Ngosa akamwita ofisini.

"Kaa, sitwayeni. Hongera. Kazi safi sana, na miye nasema mbele yako, sikufikiri utaweza."

"Aksanti, sitwayen mkuu."

"Tutakupa brevet, cheti, na muhuri yote. Itaandikwa kama unajua editeri." Akapanga kalamu zake mezani. "Sasa, ile service ya kadi tunaifunga. Yote."

"Ndiyo. Na miye nitakuwa ku chumba gani?"

Ngosa akazipanga kalamu upya.

"Haukunielewa. Tunaifunga na bantu bake. Unajua Kapya alinionyesha nini juma lililopita? Anapiga bila kuangalia mikono. Vidole vyote! Na benzake amebaanzisha, bamoja beko karibu kumupita. Sasa program inatoka mu kichwa ya mwenyewe, inaingia mu mashini moja kwa moja. Muntu wa katikati wa kazi gani tena?"

Kwanza Musonda alidhani amesikia vibaya.

"Ulisema mwenye atajua editeri atabakia."

"Nilisema."

"Ulisema mbele ya bote."

"Nilisema, sikatae. Wakati ule bo hawakujua kupiga."

"Na nyumba?"

"Nyumba inafuata kazi. Unajua règlement, sheria ya kampuni. Mutakaa mpaka mwezi wa kwanza uishe." Akampa barua ya kuachishwa, akasimama, maana yake na yeye asimame. "Na tunakushukuru, sitwayeni. Kapya alisema njo weye ulimufundisha. Umetusaidia kuliko vile unafikiri."

Alikuwa anasema kwa nia njema, hilo ndilo lililotaka kumpasua Musonda. Ngosa angemtukana, yeye angejua la kufanya. Brevet yenyewe angeipeleka wapi? Mji mzima hakujua pengine penye kioo kama kile.

Kapya alikuwa anamngoja kwenye korido, amebandikana na ukuta.

"Mama, sikujua. Haki ya Mungu. Nilimuonyesha kwa furaha tu, nikamwambia nani alinifundisha, nilifikiri atakupandisha."

"Najua."

"Umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo! Nimekasirika na weye, nimekasirika na Ngosa, nimekasirika na ile kioo yenu. Zaidi nimekasirika na miye. Toka mu njia, nipite."

Kapya akatoka njiani. Nje Mado alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, barua ya kuachishwa mapajani, barua ileile, maneno yaleyale, ila jina. Alikuwa amekuja kumpongeza. Musonda akamwonyesha ya kwake. Mado akaisoma mpaka chini, akairudia, akaanza kulia kwa niaba ya wote wawili.

*

Kutoka mwanzo wa njia ya kambi alisikia redio, na ilikuwa redio ya kwake.

Mwape alikuwa amepitisha habari. Mbele ya mlango viti vilikuwa vimepangwa, vya jirani huyu na vya jirani yule, na watu wamekaa, chupa za bia chini. Kuku alikuwa sufuriani. Mimi anasonga bukari, ugali wa huko, na jasho likimtiririka. Floribert alikuwa amevaa abakosti yake aliyostaafia, imemkaa kama imetundikwa, na alikuwa amesimama, mtu ambaye miezi mingi hasimami ila kwa lazima.

"Njo huyu!" akapaza sauti. "Njo huyu anakuja! Jana mulisema bibi ya Floribert ni mutoboa kadi. Leo anasema na mashini, na mashini inamujibu! Muulize nani alimufundisha. Ni miye! Miye njo nilikuwa mashini!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akamwekea Musonda kiti. Hakukaa. Aliona shati jeupe alilopigiwa pasi mumewe ndani ya ile abakosti, akaona jinsi Mimi anavyomtazama, akafikiria kunyamaza walau mpaka watu wale na waondoke. Lakini kila neno la sifa lingeendelea kumwangukia kichwani, na kesho yote yangegeuka kicheko.

"Baba Mimi," akasema, "bameniondoa."

"Bameondoa nani?"

"Miye. Siye bote ba kadi. Nyumba, mpaka mwezi wa kwanza uishe."

Floribert akatabasamu kama mtu anayengoja utani uishe. "Lakini uko wa kwanza."

"Niko wa kwanza."

Mimi akaifunga redio. Mwape alitazama ndani ya glasi yake, akaiweka chini taratibu, akasema ana zamu, ingawa hakuwa nayo. Mama mmoja akakumbuka maharage yake yako motoni. Akainuka, akasita kidogo, akabeba na kiti chake. Baada yake wengine nao wakakumbuka hili na lile, wakachukua viti vyao. Hakuna aliyesema neno baya. Walisema pole, walisema Mungu iko, na viti vikaondoka kimoja kimoja mpaka vikabaki vya wenyewe. Musonda aliona heri wangemcheka.

Floribert akakaa. Akafungua vifungo vya abakosti, akapumua, akangoja kikohozi, na kikohozi hakikuja.

"Leta chakula, Mimi," akasema. "Tukule. Kuku imekwisha kufa."

Wakala. Hakuna aliyesikia njaa, lakini nyama haikuwa kitu cha kila siku, na Musonda alijikuta akiitafuna kwa hasira, mpaka mifupa. Mimi alikuwa anawahudumia bila kuinua macho.

"Kuna kintu moja sielewe," Floribert akasema. Hakuwa na ukali. Alikuwa anafikiri kweli, kama mtu aliyepewa hesabu isiyotoka. "Bale batoto ba program. Weye mwenyewe uliniambiaka banapiga na kidole moja. Kazi yao yote inapita ku mikono yenu. Sasa Ngosa anasema hamuna kazi juu bale banajua kupiga. Bamejua wapi? Kidole haijifundishe. Iko muntu alibafundisha, na ule muntu alitutoa mu nyumba. Ni nani?"

Musonda akaweka mfupa pembeni ya sahani. Akanawa mikono kwenye bakuli, kidole kwa kidole, akaikausha kwa kitambaa cha kichwa.

"Ni miye," akasema.